Hatamu ya ngozi ya kushona kwa mkono: kazi yote iko kwenye pete ya lijamu

Hatamu haikatikii mkononi mwa mpandaji. Hukatikia pale ngozi inapozunguka pete ya lijamu, yaani ile chuma ya mdomoni mwa farasi, kwenye sentimita chache zinazosuguana na chuma, zinazolowa mate ya farasi na kukauka kila siku. Kwa Dar es Salaam ongeza jasho, joto na upepo wa chumvi, na ukimpeleka farasi ufukweni ongeza maji ya bahari yenyewe. Kwa hiyo mwongozo huu utapita haraka kwenye mkanda mrefu wa katikati, ambao yeyote aliyewahi kutengeneza mkanda wa suruali anaweza kuukata, na utakaa sana kwenye mwisho wake.

Tunachotengeneza ni hatamu ya kawaida ya vipande viwili, cha kushoto na cha kulia. Nyuma ya mikono ya mpandaji vinaungana kwa bizimu moja, yaani ile chuma ya mkanda yenye ulimi. Mbele kila kipande kina bizimu yake na kamba fupi ya ngozi inayozunguka pete ya lijamu. Kamba hiyo fupi tutaiita kishikizo. Wapo wanaopitisha mkanda mzima kwenye pete na kuushona hapohapo bila bizimu. Ni nadhifu kwa macho, lakini hutaweza kuivua hatamu uisafishe, na uchafu unaojificha kwenye mkunjo ndio unaokula ngozi.

Kipimo

Kwa farasi wa kimo cha sentimita 150 kwenda juu, kila mkanda ukishakamilika uwe na sentimita 138, na kishikizo kitaongeza kama 6. Ukiunganisha pande zote mbili unapata karibu mita 2.9 kutoka pete hadi pete. Kwa farasi mdogo punguza sentimita 15 kila upande. Ukiwa na shaka chukua kamba, ifunge kwenye pete moja, ipitishe juu ya shingo mbele ya tandiko hadi pete ya pili, kisha mwache farasi anyooshe kichwa chini. Kamba isimkabe, lakini pia isining'inie hadi kwenye kikuku, yaani chuma anachokanyagia mpandaji. Hatamu ndefu kupita kiasi hunasa kiatu cha mpandaji, na hilo ni hatari kuliko hatamu fupi.

Upana chukua milimita 19. Hatamu za milimita 13 au 16 hupendeza kwenye gwaride, ila mkono wenye jasho la mwezi wa pili unahitaji kitu cha kushika. Bizimu ziwe za upana wa ndani wa milimita 20.

Ngozi

Nunua ngozi ya ng'ombe iliyodabaghiwa, yaani iliyotengenezwa isioze, kwa magome ya miti, si kwa dawa ya kromu. Ngozi ya kromu ni laini, inavumilia maji na imejaa madukani kwa sababu ndiyo inayoshonewa viatu na mikoba, lakini huvutika kama mpira na kingo zake hazikubali kung'arishwa. Ngozi ya magome, iwe ya miwati inayolimwa Njombe au ya aina nyingine, ni ngumu, hushika umbo, na hushika mshono.

Muuzaji anaweza asijue anachouza. Itazame ngozi pale ilipokatwa: ya kromu mara nyingi ina kiini cha kijivu au cha kibuluu, hata kama juu imepakwa rangi ya kahawia, na ya magome ni kahawia hadi ndani. Bado huamini? Omba kipande cha ukubwa wa kidole, nenda nacho nyumbani, kitumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja. Ya magome itajikunja na kuwa ngumu kama ubao. Ya kromu iliyotengenezwa vizuri itabaki ilivyo.

Unene uwe milimita 3.5 hadi 4. Ukipita hapo hatamu haipindi mkononi, na ukishuka chini ya 3 itavutika.

Sasa sehemu ya kukata. Mikanda yote miwili itoke mgongoni, sambamba na uti wa mgongo, kuanzia upande wa makalio. Tumboni na makwapani nyuzi za ngozi zimelegea. Mkanda wa huko utarefuka bila kukuuliza. Ng'ombe wetu wengi ni wa nundu, na ngozi ya kwenye nundu ina mikunjo na ulegevu, hivyo iruke. Kagua pia alama za chapa ya moto, makovu ya kupe, na zaidi ya yote mikato ya kisu cha mchinjaji upande wa nyama. Mkato huo hauonekani upande wa juu. Ipinde ngozi upande wa nyama ukiwa nje, na mkato utafunguka kama mdomo. Mkato wa kina cha theluthi ya unene unatosha kuitupa sehemu hiyo.

Mikanda miwili ikatwe ikiwa jirani, bega kwa bega, na yote ielekee upande mmoja. Ukichukua wa kushoto mgongoni na wa kulia karibu na mbavu, baada ya mwezi mmoja wa kulia utakuwa umeuzidi mwenzake kwa vidole viwili na mpandaji atalalamika kwamba farasi anavuta upande. Iandikie nyuma kwa penseli: KSH (kushoto) na KL (kulia).

Kama mgongo wa ngozi yako haufikishi urefu unaotakiwa, unaruhusiwa kuunga, lakini kiungo kiwe nyuma ya mahali mikono inaposhika, karibu na bizimu ya kati, ambako hakuna mvuto mkubwa. Punguza kila ncha taratibu kwa sentimita 12 hadi iwe nyembamba kama karatasi, gandisha, shona pande zote mbili. Usiunge kamwe kati ya mkono na mdomo wa farasi.

Vifaa

Vingi utavipata Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya viatu. Kisu cha fundi viatu na kinoo, rula ya chuma ya mita moja, bikari, panchi ya matundu ya milimita 5, nyundo, msasa wa namba 220 na 400, gundi ya viatu, nta ya nyuki, sindano mbili nene zisizo na ncha kali, na uzi wa poliesta wa milimita 0.8 hadi 1. Uzi wa pamba huoza kwa unyevu wa pwani. Nailoni ni imara ila huvutika, na mshono unaovutika huachia nafasi ya mchanga kuingia.

Msharasi, yaani chuma cha kutobolea ngozi wakati wa kushona, unahitaji maelezo. Ule wa fundi viatu wa barazani una ndoano, na mshono wake ni uzi mmoja unaoshikwa na mwingine kwa vitanzi. Ni wa haraka, na kwa soli unafaa. Kwa hatamu haufai, kwa sababu uzi ukikatika mahali pamoja vitanzi vya jirani hufunguka kimoja baada ya kingine. Tafuta msharasi usio na ndoano, wenye ncha bapa ya umbo la almasi, au chukua wa kawaida uunoe hivyo kwenye jiwe. Tundu la duara, hasa la kutobolewa kwa keekee, huondoa nyama ya ngozi. Tundu la almasi huipasua tu, na ngozi hujifunga tena kwenye uzi.

Bizimu ziwe za shaba nyeupe, za shaba ya njano au za chuma kisichoshika kutu. Chuma cha kawaida kikikutana na ngozi ya magome iliyolowa huacha weusi usiotoka, halafu kutu hula mshono. Nyingi za bei rahisi ni za madini mepesi ya kumwagwa, zimepakwa rangi ya dhahabu. Kwangua kwa tupa mahali pasipoonekana: ikitokea kijivu chini ya rangi ya njano, irudishe. Bizimu ya namna hiyo haipindi ikizidiwa. Hupasuka tu.

Kukata na kuvuta

Nyoosha ukingo wa kwanza kwa rula na kisu kikali, pima milimita 19 kwa bikari, kata mkanda wa kwanza, kisha wa pili. Urefu wa sentimita 160 kila mmoja. Pitisha kisu mara mbili au tatu kwa mkono mwepesi badala ya mara moja kwa nguvu. Kisu kinachosukumwa hulala, na ukingo hutoka mshazari. Kata pia vishikizo viwili vya sentimita 30, kutoka sehemu bora kuliko zote uliyo nayo, na utepe wa upana wa milimita 10 na unene wa milimita 2 kwa ajili ya vipete, yaani vitanzi vidogo vya ngozi vinavyoshika mkia wa kishikizo.

Kabla ya kukata urefu kamili, vuta mikanda yote miwili. Ifute kwa kitambaa chenye maji hadi iwe na ubaridi wa unyevu lakini isitone, itundike kivulini, na kila mmoja uning'inize ndoo ya maji ya lita 10 usiku kucha. Kesho yake ikikauka utaona imeongezeka kidogo. Hilo ndilo ongezeko ambalo lingetokea mdomoni mwa farasi.

Mwisho wa lijamu

Hapa usiharakishe. Kwenye mkanda weka alama sentimita 8 kutoka mwisho. Huo ndio mstari wa kukunja. Tengeneza tundu refu la ulimi wa bizimu: piga panchi matundu mawili ya milimita 5, vitovu vyake vikiwa mbali kwa milimita 13, mstari wa kukunja ukipita katikati yao, halafu kata ngozi iliyobaki kati. Zile sentimita 8 za mkunjo zipunguze unene upande wa nyama hadi milimita 2.5, na sentimita 1.5 za mwisho ziteremke hadi milimita 1.

Kishikizo usikipunguze unene hata kidogo mahali kitakapozunguka pete. Hili ndilo kosa linaloua hatamu nyingi za kutengenezwa nyumbani: fundi anaona ngozi inapinda kwa shida, anaichonga ili ipinde vizuri, na mahali penye msuguano mkubwa panabaki na nusu ya ngozi. Iloweshe kidogo, ipinde kwenye mpini wa nyundo, iache ikauke na umbo lake. Kinachoruhusiwa kupunguzwa ni sentimita 2 za ule mwisho utakaoshonwa.

Mpangilio wa tabaka ni huu. Mkanda uko juu, upande wa manyoya (ule laini) ukitazama nje. Unapita kwenye bizimu na kukunjwa nyuma, nyama kwa nyama. Kishikizo kinakaa nyuma ya mkunjo huo, upande wake wa manyoya ukitazama shingo ya farasi, na mwisho wake uliopunguzwa uupite mwisho wa mkunjo kwa sentimita 2. Ngazi hiyo ndogo ina kazi: tabaka zote zikiisha kwenye mstari mmoja, mkanda utakuwa unapinda kila siku palepale na utapasuka. Kutoka hapo kishikizo kinaelekea kwenye pete, kinaizunguka kutoka ndani kuja nje, na kurudi mbele kuingia kwenye bizimu.

Kwa kuwa kishikizo kinagusa upande laini wa mkunjo, ukwangue kwa msasa hadi upate manyoyamanyoya, la sivyo gundi haishiki. Paka gundi pande zote, subiri ikauke kiasi kwamba haigandi kidoleni, kisha bana. Gundi ni ya kushikilia tu wakati unashona. Anayeitegemea atajuta siku farasi atakapolowa.

Kabla ya kubana, ingiza vipete viwili, kimoja sentimita 2 kutoka bizimu, kingine sentimita 6. Usivikate kwa kipimo cha rula. Lowesha utepe, uzungushe juu ya mkanda ukiwa na kipande kingine cha ngozi ya unene wa kishikizo, weka alama, kata. Ncha zake ziingie kati ya mkanda na mkunjo na zikutane uso kwa uso bila kupandana. Zikipandana utapata uvimbe na msharasi utateleza hapo.

Mistari ya mshono iwe milimita 3 kutoka ukingo, na mishono ya milimita 3. Kila mstari wa sentimita 10 unataka uzi wa karibu mita moja na nusu. Wanaotumia kanuni ya «mara nne ya urefu» huishiwa njiani, kwani kanuni hiyo ni ya ngozi nyembamba; hapa kila sindano inapita tabaka za jumla ya sentimita moja kwenye kila tundu. Pitisha uzi kwenye nta mara tatu, kisha tia sindano moja kila ncha.

Bana kazi kwenye jiriwa yenye vipande vya mbao, au kati ya mbao mbili ulizozibana kwa magoti. Toboa tundu moja, shona, ndipo utoboe lingine. Almasi ya msharasi iegemee upande uleule kila mara. Ingiza sindano ya kushoto, vuta nusu, kisha ingiza ya kulia kwenye tundu hilohilo ukiuvuta ule uzi wa kwanza kando ili usiutoboe. Uzi uliotobolewa hautelezi, na mshono wake hautakaza hata uvute vipi. Kaza kwa mikono yote miwili kwa nguvu sawa. Kila baada ya mishono mitano geuza utazame nyuma: kama mstari wa nyuma unayumba, msharasi wako haukuwa umesimama wima.

Karibu na bizimu na mwishoni rudi nyuma mishono mitatu, kata uzi, choma ncha kwa kiberiti cha gesi bila kuigusa ngozi. Usishone mstari wa kukingama kutoka ukingo hadi ukingo. Unapendeza, lakini unakuwa kama matundu ya stempu, na ngozi itachanika hapohapo.

Mwisho wa kishikizo ukate umbo la ncha ya mviringo. Toboa matundu matatu kwa umbali wa sentimita 2, la kati likiwa sentimita 12 kutoka mshono unapoishia karibu na bizimu. Mkia uliobaki utaingia kwenye vipete vyote viwili.

Upande wa mikono ni mwepesi. Kata mikanda yote miwili kwa kipimo kimoja ukipima kutoka kwenye bizimu za mbele, si kutoka mwisho wa ngozi. Mmoja uachie sentimita 6 za kukunja kwenye bizimu ya kati na kipete kimoja. Mwingine uachie mkia wa sentimita 10 wenye matundu matatu.

Kingo, rangi, mafuta

Ondoa pembe za ukingo kwa kisu au msasa, kwani pembe kali hukata mikono na hujikunja. Piga msasa wa 220 kisha 400, lowesha ukingo kidogo, paka sabuni ya mche, usugue kwa kipande cha turubai au mti laini hadi ung'ae. Malizia kwa nta.

Mwenye kutaka weusi anaweza kuupata jikoni: loweka steelwuli safi isiyo na mafuta kwenye siki nyeupe kwa siku chache kwenye chupa isiyofungwa kwa kukaza (inatoa gesi), chuja, paka. Madini ya chuma hukutana na dawa ya magome ndani ya ngozi na kugeuka nyeusi isiyofutika. Lazima baadaye uisuuze kwa maji yenye kijiko cha magadi ya kupikia, vinginevyo asidi itabaki humo na ngozi itakatikakatika. Ngozi ya kromu haikubali dawa hii, na hicho nacho ni kipimo kingine cha kumbaini muuzaji.

Mafuta yawe kidogo. Changanya nta sehemu moja na mafuta safi ya ng'ombe sehemu mbili, yeyusha ndani ya bakuli juu ya maji ya moto, paka upande wa nyama zaidi kuliko wa juu, futa yanayobaki. Mafuta ya alizeti hugandamana na kunata. Oili ya injini haifai kwa ngozi wala kwa mikono. Mafuta ya nazi yanayopendwa sana hapa pwani hubaki maji kwa joto letu na hupenya haraka; ukizidisha, hatamu inalegea kama utambi.

Kujaribu na kutunza

Kabla haijafika mdomoni, funga kila upande kwenye chuma imara na uning'inize mfuko wa saruji wa kilo 50 kwa dakika moja, ukiwa umesimama kando. Tazama matundu: likirefuka na kuwa yai, ngozi ni laini mno. Tazama mshono: ukiona uzi umezama na ngozi imefunguka, rudia. Na hata ikifaulu, farasi asifungwe mtini kwa hatamu. Akishtuka na kurudi nyuma, uzito wote unaishia mdomoni mwake.

Baada ya ufukweni futa kwa kitambaa chenye maji baridi, kausha kivulini, usianike juani. Wakati wa masika ukungu mweupe huota ndani ya siku chache. Ufute kwa siki na maji nusu kwa nusu, kausha, paka mafuta kidogo. Itundike penye upepo. Mfuko wa plastiki ni shamba la ukungu.

Kila wiki fungua bizimu za mbele na upinde kishikizo kinyume, pale kilipokaa kwenye pete. Mistari midogo ya juu juu si neno. Ufa unaoingia ndani ya nyama maana yake kishikizo kimekwisha, lakini mkanda bado mzima. Fumua mishono, toa kishikizo kibovu, gandisha kipya, na upitishe msharasi kwenye matundu yaleyale ya zamani ukianzia upande wa mkanda. Ukitoboa mapya katikati ya ya zamani, mkanda nao utakuwa umekwisha.